Utaipigia Wapi?

Kwa miaka kama kumi, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, swali la kwanza katika vibanda vya kuchoma CD vya Temeke na Kinondoni halikuhusu wimbo. Mteja alipofika na orodha yake kwenye karatasi ya daftari, aliulizwa: "Utaipigia wapi?" Kwenye gari au nyumbani? Kama ni nyumbani, una redio ya CD, deki ya VCD, deki ya DVD au kompyuta? Kama ni gari, redio yake ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani au umeshabadilisha? Majibu ndiyo yaliyoamua CD ichomwe vipi, ibebe nyimbo ngapi na ilipiwe shilingi ngapi. Orodha ya nyimbo ilisomwa baadaye.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na vibanda hivyo ndivyo ninavyoviandikia tasnifu. Kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikiwatafuta waliokuwa wachomaji wa Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Manzese. Wengi wao leo ni mawakala wa pesa za simu, mafundi simu au madereva wa bajaji. Mmoja anauza vipodozi palepale alipokuwa ameweka kompyuta yake. Nikiwauliza kuhusu wasanii wa enzi zile, hunijibu kwa heshima na kwa ufupi. Nikiwauliza kuhusu mashine, mazungumzo hayaishi. Mtu ambaye hajagusa CD kwa miaka kumi bado anakumbuka ni redio gani ya gari iliyokataa CD iliyochomwa haraka, na ni deki gani iliyokula chochote ulichoipa, hata kilichokwaruzika. Nimeamua kuwafuata hukohuko kwenye mashine, kwa sababu naamini ndiko iliko sehemu ya historia ya mji huu ambayo vitabu vya muziki huipita haraka.

Tuanze na sababu ya kuwapo kwa mashine nyingi kiasi kile. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, mwaka ambao ITV ilianza kurusha matangazo. Kwa muda mrefu muziki wa Dar es Salaam ulipita mlango mmoja: studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, kule Barabara ya Pugu. Bendi za dansi zilirekodi pale, nyimbo zikapigwa hewani, na santuri, zilipotolewa, zilitengenezwa Nairobi. Msikilizaji aliyetaka wimbo ubaki nyumbani kwake alitafuta mtu mwenye redio ya kaseti mbili, akaweka kaseti yenye wimbo upande huu na kaseti tupu upande ule. Uchumi ulipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, kazi hiyo ikawa biashara. Maduka ya kurekodia kaseti yakaota kila pembe ya mji. Kwa hiyo wachomaji wa CD walirithi kazi iliyokuwa na umri wa karibu miaka 20, pamoja na wateja wake na lawama zake.

Kilichobadilika ni mashine ya msikilizaji. Kaseti ilikuwa kaseti popote ulipoipeleka. Ile uliyoirekodi Magomeni ilipigwa kwenye redio ya National ya bibi yako Rufiji na kwenye daladala la Mbagala bila kuuliza swali. Lakini ilipofika miaka ya 2000, vifaa vya kupigia muziki vilituingilia vyote kwa mkupuo, kila kimoja kikitoka kwake. Kwingineko duniani watu walinunua redio ya CD kwanza, wakakaa nayo miaka, ndipo wakanunua kompyuta, kisha kifaa cha MP3. Sisi tulivipokea vyote ndani ya miaka michache, vingi vikiwa vimeshatumika. Redio kubwa za sebuleni zilikuja kutoka Dubai, deki za VCD kutoka China, na kompyuta zilizostaafu maofisini kutoka Ulaya. Kompyuta za Macintosh zilikuwa chache, nyingi zikiwa mjini, kwenye vyumba vya kupanga kurasa za magazeti na kampuni za matangazo.

Magari yalitoka Japani, na redio zake zilikuwa na tabia mbili ambazo kila dereva wa Dar alizijua. Kwanza, masafa ya FM ya Japani wakati huo yaliishia megahezi 90, wakati stesheni nyingi za hapa ziko juu ya 90. Mwenye gari alinunua redio isiyoshika stesheni nyingi za mji wake, hivyo akabaki na kile alichokiingiza kwa mkono. Pili, sehemu ya CD ya redio nyingi hizo ilijua lugha moja tu, CD ya muziki ya kawaida. Ukiipa MP3 iliitema, au iliizungusha kimya hadi ukachoka. Nyingine zilikuja na sehemu ya MiniDisc, teknolojia ya Sony ambayo hapa haikuwa na duka wala mchomaji. Kijana aliyenunua Corolla kwa jasho la miaka mitano aliikuta ina tundu asilojua ni la nini.

Sasa fikiria harusi. CD ileile ilitakiwa ianzie kwenye gari la maharusi, ifike ukumbini kwa DJ mwenye kompyuta, na kesho yake ipigwe sebuleni kwenye deki mbele ya wakwe. Wateja wa namna hii ndio waliowafanya wachomaji wawe mafundi. Hawakutaka CD tatu. Walitaka moja ipite kote, na walikuwa tayari kulipa zaidi.

Ugumu wa jambo hilo ulianza mbali na Tandika. Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani zilikubaliana kanuni za CD mwaka 1980, na mashine za kwanza zikauzwa Japani Oktoba 1982. Kanuni hizo hujulikana kama Kitabu Chekundu kwa sababu ya rangi ya jalada lake. Kinasema hivi: sauti ipimwe mara 44,100 kwa sekunde, na kila sekunde igawanywe katika vipande 75, kila kipande kikiwa na baiti 2,352. Mwanzoni mwa CD, upande wa ndani kabisa, kuna orodha ndogo inayosema kila wimbo unaanzia wapi. Basi. Hakuna majina, hakuna folda, hakuna faili. Redio ya CD haijui kwamba vitu hivyo vipo duniani.

Kompyuta ilipotaka kutumia sahani hiyohiyo kuhifadhi maandishi na programu, ilihitaji uangalifu zaidi. Sauti ikikosewa kidogo, sikio halitambui. Namba moja ikikosewa ndani ya programu, programu nzima inaweza kugoma. Kikaandikwa Kitabu cha Njano: katika zile baiti 2,352, data ichukue 2,048, na sehemu kubwa ya zinazobaki itumike kugundua na kurekebisha makosa. Lakini kitabu hicho hakikusema faili zipangwe vipi, na kila kampuni ikapanga kivyake. Mwaka 1985 wawakilishi wa kampuni hizo walikutana katika hoteli ya High Sierra kando ya Ziwa Tahoe, Marekani, wakaandika mpangilio wa pamoja. Ulipofanyiwa marekebisho na kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1988 uliitwa ISO 9660.

Watu hao walifanya jambo la busara ambalo lilituathiri hadi Mwananyamala: walipima kwa mashine dhaifu kuliko zote. Katika ngazi ya kwanza ya kanuni hiyo, jina la faili lisizidi herufi nane, nukta, kisha herufi tatu. Herufi kubwa tupu, tarakimu na kistari cha chini. Mwaka 1995 Microsoft ikaongeza mpangilio wa Joliet, ulioruhusu majina ya herufi 64, yenye nafasi na herufi ndogo. Apple nayo ilikuwa na mpangilio wake, HFS, ambao kompyuta za Windows hazikuuelewa.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la CD chotara. ISO 9660 huacha sekta 16 za mwanzo bila kuzitumia, yaani kilobaiti 32, nafasi isiyotosha hata sekunde tatu za wimbo wa MP3. Wataalamu waligundua kwamba ramani ya Apple inaweza kuanzia katika nafasi hiyo, na ramani ya ISO ikaanza baada yake, kisha ramani zote mbili zikaelekeza kwenye faili zilezile. Ni kama nyumba ya Kiswahili. Mgeni aingie kwa mlango wa barazani au wa uani, vyumba ni vilevile na wapangaji ni walewale. Windows hupita mlango wake, Macintosh hupita wake, na hakuna kinachoandikwa mara mbili isipokuwa hizo ramani.

Mafundi wa Temeke hawakusoma vitabu hivyo vya rangi. Walikuwa na Nero, programu ya Kijerumani iliyobeba jina la mfalme wa Roma anayesimuliwa kuuchoma mji wake, na picha yake ilikuwa jengo la kale la Roma likiwaka moto. Walijifunza kwa kuharibu CD na kwa kusikiliza malalamiko. Hata hivyo, nilipoziweka karatasi zangu za mahojiano kando ya kanuni hizo, kila ushauri niliopewa ulikuwa na maelezo yake kitabuni.

Mmoja wa Tandika, kaka wa makamo sasa, alinieleza kanuni yake ya kwanza: "Mdogo wangu, usitangulize data. Ukitanguliza data unaua spika za watu." Ni kweli. Ukiweka faili za kompyuta katika wimbo namba 1 na muziki kuanzia namba 2, kompyuta itafurahi, lakini redio ya zamani itadhani namba 1 nayo ni muziki. Itaipiga. Kinachotoka ni mkwaruzo mkali kwa sauti ya juu kabisa. Suluhisho lake ni lile ambalo kampuni kubwa zililiandika mwaka 1995 katika Kitabu cha Buluu: choma muziki wa kawaida kwanza, ufunge sesheni hiyo, kisha uchome data katika sesheni ya pili. Redio husoma sesheni ya kwanza tu na haijui kama kuna ya pili. Kompyuta huenda kuitafuta ile ya mwisho.

Ukuta kati ya sesheni hizo mbili hula takribani megabaiti 22. Wao waliuita "kodi". Hesabu zao zilikuwa hivi. CD tupu ya dakika 80 hubeba megabaiti 700 za data. Ukiweka nyimbo 10 za dakika nne kwa ajili ya gari, umemaliza nusu. Nusu iliyobaki, ukitoa kodi, inatosha nyimbo 80 hivi za MP3. Bwana harusi alipata nyimbo 10 bora za msafara na 80 za ukumbini ndani ya sahani moja.

Kisha majina. Ndani ya Nero walichagua ISO na Joliet kwa pamoja, ili kompyuta ionyeshe jina refu na deki ipate jina fupi. Deki za bei nafuu zilisoma fupi tu, na hapo Kiswahili kilitusaliti. Nyimbo zetu zinapenda kuanza na maneno yaleyale. Ukizikata zibaki herufi nane, televisheni inakuonyesha MAPENZI1, MAPENZI2, MAPENZI3 mpaka chini ya kioo, na mwenye nyumba hajui ipi ni ipi. Mchomaji wa Mwananyamala aliniambia aliacha kabisa kutegemea majina. Alitanguliza namba, 01, 02, 03, kwa sababu deki nyingi zilipiga kwa mpangilio wa namba, na akamwandikia mteja orodha kwa kalamu kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kasha.

Kanuni ya mwisho ilikuwa kufunga CD. CD isiyofungwa ilisomeka kwenye kompyuta iliyoichoma, lakini redio haikuiona, kwa sababu ile orodha ya upande wa ndani huandikwa wakati wa kufunga. Kwa magari walichoma polepole. Kwa mwendo wa 8, CD iliyojaa huchukua kama dakika kumi, na katika mgao wa umeme wa 2006 na ule wa 2011 dakika kumi zilikuwa kamari. Umeme ukikatika katikati, sahani imekwenda. Haifutiki na hairudiwi, kwa sababu leza inapochoma hubadilisha rangi ya kemikali iliyopakwa ndani moja kwa moja. Sahani hizo ziligeuzwa mapambo ya vioo vya daladala au vitisho vya ndege kwenye bustani za mchicha.

Wakati huohuo filamu zilikuwa zikitembea kwa VCD. Kila aliyezaliwa miaka ya 1990 mjini hapa na akagusa kompyuta anaikumbuka folda ya MPEGAV na faili lake AVSEQ01.DAT. Hiyo nayo ni CD chotara ya kuzaliwa: kanuni zake za 1993 ziliweka mwanzoni sehemu ndogo ya ISO 9660 ili kompyuta ipate pa kuingilia, kisha video ikafuata kwa namna ambayo deki inaielewa. Ilibeba kama dakika 74 hadi 80, ndiyo maana filamu ndefu ilihitaji sahani mbili. Sinema za Kanumba, kung fu za Hong Kong na filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na kina Lufufu zilipita katika vibanda umiza na sebule za Keko na Tandale, nyingi bila mwenye kazi kupata senti.

Hapo ndipo hadithi hii inapoacha kufurahisha. Tanzania ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu 1966, na mpya ikatungwa mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA. Zikaja stika maalumu za kubandika kwenye kaseti na CD halali, na mwaka 2013 zikafuata stempu za kodi. Kwa mujibu wa sheria, karibu kila CD ninayoichunguza ni mali ya wizi. Wasanii wa Bongo Fleva waliokuwa wakijenga muziki mpya wakati huo, wakiwemo vijana wa Temeke waliokuja kuitwa TMK Wanaume, walikuwa wakiuza albamu kupitia wasambazaji wachache wa Kariakoo, na mara nyingi wakilipwa mara moja tu. Kila CD iliyochomwa Tandika ilipunguza thamani ya mkataba uliofuata. Wachomaji wanalijua hilo. Mmoja aliniomba nizime kinasa sauti kabla hajalizungumzia.

Nalijua pia kwa sababu ya shangazi yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliimba katika kikundi kidogo cha taarab huko Mbagala. Walirekodi nyimbo sita, msambazaji akawalipa mara moja, fedha wakagawana watu saba, na hakuna aliyepewa karatasi. Baada ya mwaka mmoja hivi nyimbo zao zilisikika kwenye CD za rusharoho katika sherehe za watu wasiowajua. Kikundi kikavunjika. Kaseti aliyokuwa nayo iliazimwa na haikurudi. Duka la msambazaji lilishafungwa. Nilipoanza utafiti, wimbo alioongoza yeye haukuwapo popote, si redioni wala mtandaoni.

Niliupata katika boksi la CD nililopewa na yule muuza vipodozi. Juu ya sahani moja palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya wino "SEND OFF MIX". Kompyuta yangu iliikataa. Ilizungusha, ikatafuta, ikazungusha tena, kisha ikanionyesha sahani tupu. Ukiitazama kwenye mwanga uliona sababu: ukingo wa nje ulikuwa umefifia na kuingiwa na madoa. Watu wengi hulinda upande unaong'aa, wengine walikuwa wakiusugua kwa dawa ya meno, wakati tabaka lenyewe lenye maandishi lipo chini kidogo tu ya upande wa jina, limefunikwa na rangi nyembamba. Joto la Dar, unyevu wa bahari na wino wa kalamu vyote huanzia hapo.

Lakini CD huandikwa kuanzia ndani kuelekea nje, tofauti na santuri. Sesheni ya kwanza hukaa karibu na tundu la katikati, ya pili karibu na ukingo. Kompyuta ilikuwa ikihangaika kuitafuta ile ya mwisho, iliyokwisha kufa. Nikaazima redio ya zamani ya CD kwa jirani, mashine isiyojua kitu chochote kuhusu sesheni ya pili. Ilisoma mara moja: nyimbo 10. Nikaunganisha waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kinasa changu na kurekodi zote. Wa saba ulikuwa wa Shangazi.

Fundi aliyechoma sahani ile alikuwa amefuata kanuni yake, muziki wa gari ndani, data nje, ili kumridhisha mteja mmoja mwenye Corolla. Hakukusudia kuhifadhi chochote. Nyimbo 80 za sesheni ya pili zimepotea, na 10 zimebaki kwa sababu zilipangwa kwa ajili ya mashine isiyojua mengi.

Nilimpelekea Shangazi siku ya Jumapili. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, akaniomba nirudie, akaimba ubeti wa mwisho pamoja na yeye mwenyewe wa miaka ile. Kisha akasema, "Msambazaji alinilipa mara moja, mchomaji hakunilipa kabisa. Lakini msambazaji hana tena wimbo wangu, na huyo mwizi anao. Sasa mwanangu, nimshukuru nani?" Sikuwa na jibu, na alijua kwamba sina. Nilipomwambia tunaweza kuuweka mtandaoni, aliuliza swali la pili: watakaoupakua watamlipa nani?

Naliandika hapa kwa sababu siku hizi ni rahisi kuizungumzia enzi ya kuchoma CD kwa upande mmoja. Wapo wanaosema wachomaji waliua muziki. Wapo wanaosema waliufikisha kwa watu ambao maduka hayakuwajali, mpaka vichochoro vya Mbagala na Manzese. Nadhani yote mawili yalitokea, kwa mkono uleule na kwa sahani ileile. Mwanahistoria hawezi kuyapunguza ili hesabu itoke sawa. Shangazi aliibiwa, na wizi huo ndio nyaraka pekee inayoonyesha kwamba aliimba.

Baadaye mashine zenyewe zilipatana. Simu za Kichina zenye memori kadi na sabufa zenye tundu la flash zilisoma MP3 bila masharti. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Dar kuanzia 2009. Vibanda vikabadilisha maandishi ukutani: "Tunachoma CD" ikafutwa, ikaandikwa "Tunaingiza nyimbo kwenye simu na flash". Singeli ilikulia humo. Vijana wa studio ya Sisso, Mburahati, walitengeneza nyimbo kwa kompyuta na kuzitoa moja kwa moja kama faili, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikawatoa kwa dunia. Kizazi hicho hakikuulizwa kifaa cha kupigia ni kipi.

Ila urahisi huo una pengo lake. Memori kadi hufutwa ili kupisha nyimbo mpya. CD haikufutika, hivyo ilitupwa kabatini, na iliyotupwa kabatini inaweza kupatikana, kama mtu atawahi kabla rangi haijafifia. Hadi sasa nimesoma sahani 143 kutoka katika maboksi ya watu sita. Thelathini na moja hazisomeki kwenye mashine yoyote niliyonayo. Kama una boksi la namna hiyo nyumbani kwenu Mtoni au Sinza, usilipeleke kwa wauza chakavu kabla hujajaribu kila sahani kwenye redio ya zamani, hata kama kompyuta imeikataa.

Wimbo wa Shangazi upo kwenye faili tatu, sehemu tatu tofauti. Nimeandika ndani yake jina lake kamili, jina la kikundi, mahali waliporekodi na majina ya wapigaji, vitu ambavyo Kitabu Chekundu hakikuvipa nafasi na ambavyo mchomaji hakuviuliza. Haupo mtandaoni. Kati ya watu saba walioingia studio, wawili wameshafariki. Watatu, pamoja na Shangazi, wamekubali usikike. Mmoja anataka kwanza kuwe na karatasi iliyosainiwa, na baada ya yaliyowakuta nadhani ana haki. Wa saba, mpiga kinanda, nimeambiwa alihamia Tanga. Nitakwenda kumtafuta mitihani ikiisha.